Kuingia kwenye orodha, kukosa saa: zabuni za huduma za nyumbani Uingereza

Sheria ya Ununuzi ya 2023 ilianza kutumika Uingereza Februari 24, 2025, na tangu siku hiyo wenye kampuni ndogo za huduma za nyumbani wamebaki na maswali mengi. Hizi ni kampuni zinazotuma wahudumu kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha na kuwapa dawa wazee na wagonjwa majumbani mwao. Miongoni mwa wenye kampuni hizo wamo Watanzania, Wakenya na Wakongo walioanza kwa kufanya kazi hiyo ya uhudumu wenyewe. Kisha, Julai 22, 2025, serikali ikafunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya moja kwa moja kutoka nje ya nchi. Mambo hayo mawili yalipokutana, madai yakazagaa.

Dai la kwanza ni kwamba ukishasajiliwa na CQC, tume inayosimamia ubora wa huduma, halmashauri italeta wateja yenyewe. La pili linasema sheria mpya imewafungulia wadogo milango yote. La tatu linasema kinyume chake: zabuni hizi ni za makampuni makubwa na mdogo anapoteza muda. Kila dai lina chembe ya ukweli, na hakuna hata moja la kumfanya mtu akope fedha.

Uchambuzi huu unahusu England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina wakaguzi wao na taratibu zao. Msimamo wake ni kwamba mafunzo ya kujaza zabuni yamepewa uzito kupita kiasi. Kampuni nyingi ndogo zinaumia baada ya kushinda, kwa sababu hazikuuliza mapema mkataba ni wa aina gani na saa moja inalipwa kiasi gani.

Halmashauri ilivyogeuka mnunuzi

Kwa miongo mingi mhudumu wa nyumbani aliyelipwa na umma alikuwa mwajiriwa wa halmashauri. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Afya na Malezi ya Jamii ya 1990, iliyoanza kutumika kikamilifu Aprili 1993, ilibadili utaratibu huo. Halmashauri ikawa mpimaji wa mahitaji na mnunuzi wa huduma. Fedha za mpito kutoka serikali kuu zilikuja na sharti kwamba asilimia 85 zitumike kwa watoa huduma walio nje ya dola. Soko hili, kwa hiyo, halikuota lenyewe; liliundwa kwa sharti la bajeti, na mpaka leo linapumua kwa kadiri bajeti inavyoruhusu.

Sheria ya Malezi ya 2014 iliongeza wajibu ambao wazabuni wengi hawaujui. Kifungu cha 5 kinaitaka halmashauri kulea soko lenye watoa huduma mbalimbali, bora, na wanaoweza kudumu. Halmashauri 153 zenye jukumu la malezi ya watu wazima zinavaa, basi, kofia mbili: ni mnunuzi mkubwa kuliko wote katika eneo lake, na papo hapo ni mlezi wa soko analolibana bei. Ukielewa mvutano huo, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu kwenye nyaraka za zabuni yanaeleweka.

Halmashauri si mlipaji pekee. Mtu mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia, na kwa huduma za nyumbani thamani ya nyumba anayoishi haihesabiwi. Wapo wanaopewa fedha na halmashauri mkononi ili wajinunulie huduma wenyewe. Wapo pia wagonjwa wanaolipiwa na mfumo wa afya, ambao tangu Januari 1, 2024 una kanuni zake za kuchagua watoa huduma. Huo ni mlango mwingine wenye funguo zake.

Sheria mpya imegusa nini

Huduma za malezi zimo katika kundi la mikataba yenye masharti mepesi. Kwa kiwango kilichokuwa kikitumika sheria ilipoanza, mkataba ukifikia pauni 663,540 katika uhai wake wote, halmashauri lazima iutangaze kwenye jukwaa la kitaifa la Find a Tender. Chini ya hapo kanuni za ndani za halmashauri zinachukua nafasi kubwa zaidi. Kiwango hicho kinasikika kikubwa, lakini kigawe kwa miaka 4: kwa bei ya pauni 24 kwa saa unapata takriban saa 133 kwa wiki, yaani wateja kumi hivi wa saa 13. Kampuni ndogo sana inaweza kukifikia.

Wepesi wa masharti una gharama yake. Kwa kuwa halmashauri ina uhuru wa kubuni utaratibu, hakuna fomu moja inayofaa kila mahali. Uliyoyaandika kwa halmashauri moja yatahitaji kuandikwa upya kwa jirani yake. Kilichounganishwa ni taarifa za msingi: kampuni hujisajili mara moja kwenye jukwaa la kitaifa, hupewa namba yake, na huweka humo taarifa za wamiliki, fedha, na tamko kwamba haina kosa la kuizuia kushiriki.

Mambo mawili yamewafaa wadogo kwa dhati. Mnunuzi haruhusiwi tena kudai hesabu zilizokaguliwa kutoka kwa kampuni ambayo kisheria hailazimiki kukaguliwa. Wala hawezi kudai kwamba bima ya kutekeleza mkataba iwe imeshalipwa kabla mkataba haujatolewa (bima ya waajiri ni suala jingine, kwa maana sheria inaitaka kwa kila mwenye wafanyakazi). Zamani vikwazo hivyo viwili viliwatoa watu kabla ya swali la kwanza la ubora.

Jambo la tatu limejificha, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Sheria inaruhusu halmashauri kutoa mkataba bila ushindani pale huduma inapomhusu mtu mmoja na sheria inaitaka halmashauri izingatie anachokitaka mtu huyo au mwangalizi wake. Mzee anayetaka mhudumu anayeongea lugha yake au anayejua vyakula vyake anaweza, katika mazingira hayo, kuwa sababu halali ya halmashauri kununua kutoka kwa kampuni isiyo kwenye orodha yoyote.

Msomaji aliyezoea Kenya, ambako asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, asitafute mgawo kama huo Uingereza. Sheria inamtaka mnunuzi afikirie vikwazo vinavyowakabili wadogo na kuona kama vinaweza kuondolewa. Kufikiria si kutenga.

Mikataba isiyofanana

Mkanganyiko mkubwa unaanzia hapa. Watu husema "nimeshinda zabuni ya halmashauri" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati kuna angalau sura nne.

Kuna mkataba wa jumla, ambapo halmashauri inanunua idadi maalumu ya saa na kuzilipia. Huu ndio unaompa mwajiri uhakika wa kumpa mhudumu wake saa za kudumu. Ni wa nadra, na mara nyingi huenda kwa mwenye uwezo wa kubeba eneo zima.

Kuna mkataba wa kanda, ambapo mji hugawanywa na kila sehemu hupewa mtoa huduma mmoja au wachache wa kupokea kazi kwanza. Halmashauri inapenda mtindo huu kwa sababu safari kati ya nyumba na nyumba zinapungua, na anayepigiwa simu saa mbili usiku anajulikana. Ubaya wake ulionekana mwaka 2018, Allied Healthcare ilipoyumba na halmashauri nyingi kulazimika kuwatafutia maelfu ya wateja kampuni nyingine. Ukiweka wateja wengi mikononi mwa mmoja, anguko lake ni lako.

Sura ya tatu ni mkataba mwavuli, wenye orodha ya kampuni zilizochaguliwa kwa kipindi maalumu, na ya nne ni orodha ya wazi ambayo kampuni zenye sifa zinaweza kujiunga wakati wowote. Katika hizi mbili, ushindi ni ruhusa ya kupelekewa maombi ya kazi. Nyaraka zenyewe husema, kwa kawaida katika aya ambayo watu huruka, kwamba halmashauri haiahidi kiasi chochote cha kazi. Mtu anapohitaji huduma, ombi hutumwa kwa walio kwenye orodha, na kazi inaenda kwa aliyejibu upesi, au aliye juu kwa alama, au mwenye bei ya chini, kutegemea kanuni za mahali. Kampuni inaweza kukaa mwaka mzima ndani ya mwavuli bila mteja.

Kutoelewa aya hiyo kumewaumiza watu halisi. Wahudumu waliongezwa kwenye utaratibu wa viza Februari 2022, na baadhi ya kampuni zikaleta wafanyakazi kutoka Afrika na Asia kwa kutegemea kazi ambazo hazikuwapo. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni za waajiri wadhamini wa viza zaidi ya 470 katika sekta hii, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 waliguswa. Wapo waliodhulumu kwa makusudi. Lakini kampuni yoyote iliyohesabu nafasi kwenye orodha kama saa za kazi ilikuwa inaelekea shimo lilelile hata kama nia yake ilikuwa njema.

Ingia kila mahali, au kaa nje

Miongoni mwa washauri na wenye kampuni kuna kambi mbili kuu, na ya tatu inayosikika kwa sauti ya chini.

Kambi ya kwanza inasema omba kila orodha iliyo wazi. Hoja yake ina mashiko. Usajili wa CQC unaweza kufutwa kama kampuni haijatoa huduma kwa miezi 12 mfululizo, kwa hiyo kampuni mpya inahitaji wateja haraka. Mikataba mwavuli hudumu miaka, na anayeikosa anaweza kusubiri sana. Tena kuwa kwenye orodha ya halmashauri kunawapa familia imani, hata wale wanaojilipia.

Udhaifu wake ni kwamba kila zabuni inakula muda wa meneja aliyesajiliwa, mtu yuleyule anayetakiwa kusimamia wahudumu, kushughulikia malalamiko na kujiandaa kwa ukaguzi. Na kuna ukuta wa alama. Halmashauri nyingi hutaka kampuni iwe na alama ya "Nzuri" kutoka CQC. Isiyokaguliwa bado huomba kwa masharti ya ziada au haipokelewi kabisa. Mapitio ya Dkt. Penelope Dash ya mwaka 2024 yalikuta kwamba karibu sehemu moja kati ya tano ya maeneo ambayo CQC ina mamlaka ya kuyakagua haijawahi kupewa alama. Mwenye kampuni mpya hana kosa katika hilo, lakini mzigo anaubeba yeye.

Kambi ya pili inasema achana na halmashauri, tafuta wanaojilipia na wanaopokea fedha mkononi. Bei ni bora, malipo ni ya haraka, na hakuna anayekukata malipo kwa dakika. Kwa mtaa wenye watu wa uwezo, hoja hii ni ngumu kuipinga. Katika maeneo maskini, ambako karibu kila mhitaji analipiwa na umma, ushauri huu ni sawa na kumwambia mtu afunge duka. Pia unakwepa suala la haki: kampuni zenye wahudumu wanaojua lugha na desturi za wahamiaji wazee zikijitoa kwenye fedha za umma, wazee hao ndio watakaokosa.

Sauti ya tatu inashauri kuwa mkandarasi mdogo chini ya kampuni kubwa ya kanda, au wadogo kuungana na kuomba pamoja. Ukandarasi mdogo unaleta kazi mapema na unajenga historia. Tatizo ni kwamba bei iliyobanwa na halmashauri inamegwa tena kabla haijakufikia. Kuungana kunasikika vizuri kwenye mikutano. Kwa vitendo, nani atawajibika siku mteja asipotembelewa ni swali linalovunja miungano mingi kabla haijasaini.

Hesabu ya saa moja

Hapa ndipo mjadala wote unapoamuliwa. Chukua mwaka wa fedha wa 2025/26, ambapo kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Halmashauri inanunua ziara mbili za nusu saa. Kila ziara ina safari ya dakika 10 kuifikia, na muda wa kusafiri kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine ni muda wa kazi kisheria. Saa moja ya huduma inamgharimu mwajiri dakika 80 za mshahara, yaani pauni 16.28. Ongeza malipo ya likizo ya kisheria, asilimia 12.07, unafika pauni 18.24.

Hapo hujagusa mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa, uliopanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15 Aprili 2025, huku kiwango cha mshahara unapoanzia kikishushwa kutoka pauni 9,100 hadi 5,000 kwa mwaka. Hujagusa pensheni, mafuta ya gari, mafunzo, siku za ugonjwa, sare, glavu, mfumo wa kurekodi ziara, meneja, pango, bima, ada ya CQC. Huduma hizi zinapotolewa na kampuni iliyosajiliwa hazitozwi VAT, na matokeo yake kampuni nayo hairudishiwi VAT iliyolipa kwenye manunuzi yake. Chama cha watoa huduma, Homecare Association, kilikokotoa kwamba bei ya chini kabisa ya kuendesha huduma halali England mwaka huo ilikuwa pauni 32.14 kwa saa. Aprili 2026 kima cha chini cha mshahara kilipanda tena, hadi pauni 12.71.

Sasa fungua nyaraka za zabuni uone bei ya juu ambayo halmashauri imesema haitaivuka. Ikiwa ni pauni 22, zinabaki chini ya pauni 4 kwa kila kitu nilichokitaja. Pengo hilo huzibwa na mtu, na mara nyingi ni mhudumu: safari isiyolipwa, ziara zilizobanwa, saa zisizo na uhakika. Ndiyo maana mwaka 2012 chama cha wafanyakazi cha UNISON kilitoa mkataba wa maadili ambao kinazitaka halmashauri ziukubali, wenye sharti la kulipa muda wa safari na kuachana na ziara za dakika 15. Mwaka 2015 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya na malezi, nayo ilishauri ziara chini ya nusu saa ziwe za kazi maalumu tu, zikifanywa na mhudumu anayemfahamu mteja.

Wanaotetea bei za chini wana hoja moja ya kweli: halmashauri haichapishi fedha. Ikipandisha bei ya saa, itanunua saa chache, na mtu fulani atabaki kitandani hadi adhuhuri. Lakini kampuni inayoomba kwa bei ya hasara haimsaidii mtu huyo. Inamchelewesha tu, mpaka itakaporudisha mkataba. Sheria ya Ununuzi yenyewe inamruhusu mnunuzi kuikataa bei iliyo chini isivyo kawaida baada ya kumpa mzabuni nafasi ya kujieleza.

Mtiririko wa fedha nao huua kimya. Sheria inaitaka halmashauri ilipe ankara isiyo na ubishi ndani ya siku 30. Wahudumu hawasubiri siku 30. Ankara nyingine hupunguzwa kwa dakika zilizorekodiwa na simu ya mhudumu mlangoni, hata pale mteja mwenyewe alipomwambia mhudumu aende mapema. Kampuni isiyo na akiba ya mishahara ya miezi miwili haijawa tayari kukua, hata ikishinda.

Kinachopata alama

Kuhusu uandishi wenyewe yapo machache ya kusema. Wanaotathmini wanaruhusiwa kutoa alama kwa kilichoandikwa kulingana na vigezo vilivyotangazwa, basi. Sifa uliyonayo mtaani haihesabiki isipokuwa umeiandika chini ya swali linaloiuliza. Maswali hayabadiliki sana: unaajirije na kuwabakizaje wahudumu, unamlindaje mteja dhidi ya madhara, nini hutokea ziara ikikosekana, theluji ikizuia magari unafanyaje, utamwezeshaje mtu kurudi kujifanyia mwenyewe. Kisha lipo swali la manufaa kwa jamii, linalotokana na sheria ya 2012 ya manufaa ya kijamii, ambalo wengi hulijaza kwa ahadi za jumla. Kampuni inayotaja kata itakayoajiri, chuo itakachoshirikiana nacho na mtu atakayefuatilia hupata alama kuliko inayoahidi kuipenda jamii.

Kabla ya yote hayo, kila halmashauri hutarajiwa kuchapisha tamko la hali ya soko, linaloeleza eneo gani lina upungufu na huduma gani inazidi mahitaji. Kuomba kazi mahali ambapo halmashauri imeandika kwamba ina watoa huduma wa kutosha ni uvivu wa kusoma.

Nani aombe

Nikizipima hoja hizi, kambi ya "ingia kila mahali" naiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayouza mafunzo mengi. Faida zake ni za kweli kwa kampuni yenye alama ya CQC, meneja wa pili, na akiba. Kwa kampuni ya wahudumu sita, orodha mbili za halmashauri zinazopakana, zenye bei inayolipa mshahara halali na safari, zinatosha na kubaki.

Kambi ya kukaa nje iko sahihi kuhusu bei na inakosea kuhusu muda. Kuanza na wanaojilipia na wanaopokea fedha mkononi kunajenga rekodi, kunaleta ukaguzi, na kunampa mwenye kampuni nguvu ya kukataa bei mbaya pale zabuni inapokuja. Ile njia ya chaguo la mteja, isiyo na ushindani, inafaa kabisa katika hatua hii, hasa kwa kampuni inayohudumia wazee wa Kisomali, Kikongo au Waswahili wa pwani ambao halmashauri haijapata mtu wa kuzungumza nao.

Mkataba wa kanda, mwenye kampuni ndogo auache, isipokuwa kama mkandarasi mdogo aliyeona bei yake kwa maandishi kabla ya kutoa jina lake litumike kwenye zabuni ya mkubwa. Akichukua kazi iliyokuwa ya kampuni nyingine, aulize mapema kama wahudumu wa kampuni ile wanahamia kwake pamoja na mishahara na haki zao, kwa kuwa kanuni za uhamisho wa waajiriwa za 2006 zinaweza kubadili hesabu yote.

Kila zabuni huwa na kipindi cha maswali, na majibu hutumwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza. Swali la kuweka hapo ni hili: katika mkataba unaomalizika, ni saa ngapi kwa wiki zilikwenda kwa watoa huduma watano wa kwanza, na ngapi ziligawanywa kwa waliobaki? Halmashauri inayo takwimu hiyo, kwa sababu ndiyo iliyolipa ankara.